Shajara ya Fundi Cherehani Anayesoma Theolojia

Jumatatu

Binti ninayemfundisha kushona amekata patroni ya kola kwa karatasi za somo la nne. Zilikuwa mezani karibu na mkasi, nazo ni ngumu kuliko gazeti, ndiyo maana akazichagua. Kola imekaa vizuri. Upande wa kushoto wa patroni yamebaki maelezo ya Baraza la Nikea la mwaka 325, na upande wa kulia yupo Ario na hoja zake. Swali la mwisho, lililonitaka nieleze kwa maneno yangu kwa nini kanisa lilikataa fundisho kwamba Mwana aliumbwa, lilikuwa limeshaingia kwenye gunia la vipande.

Nimemwaga gunia nikalipata. Nimelichoma kwa pini ukutani mbele ya cherehani, nikaendelea na gauni. Huu ni mwezi wa Novemba, kipaimara kimekaribia, na Tengeru nzima inataka magauni meupe kwa siku moja. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimemaliza mabega na jibu ninalo: kama Mwana ni kiumbe, basi aliyekuja kututafuta ni mjumbe tu, na Mungu mwenyewe hakuja. Mtu aliyetuma mjumbe msibani na mtu aliyefika mwenyewe hawalingani, na hakuna mwanamke wa hapa asiyelijua hilo. Jibu nimeliandika jioni nyuma ya risiti ya vifungo, kisha nikalinakili kwenye daftari.

Jumanne

Kitinda mimba wangu yuko chekechea na amejifunza kuandika jina lake. Ameliandika kwenye kila nafasi iliyoachwa wazi katika somo la tano, kwa kalamu ya wino, mpaka ukurasa wa mwisho.

Nafasi hizo zimeachwa makusudi. Unasoma aya chache nyumbani, unaulizwa swali, unajibu palepale, unaendelea. Mara moja kwa wiki mnakutana na mwalimu mkajadiliane mliyoyasoma, na kati ya kukutana huko na kusoma unaendelea na huduma yako usharikani. Mfumo huu huitwa elimu ya theolojia kwa enezi, na ulianza Guatemala mwaka 1963. Chuo cha Wapresbiteri kule kilikuwa kinawatoa vijana vijijini na kuwasomesha mjini, na wengi hawakurudi walikotoka. Huku nyuma, watu waliokuwa wakiyaongoza makanisa ya vijijini kwa kweli walikuwa watu wazima wenye mashamba na watoto, wasioweza kuhama. Ralph Winter, James Emery na Ross Kinsler wakageuza safari: mwalimu ndiye apande gari, mwanafunzi abaki kwake.

Nawaheshimu sana watu hao. Waliona kwamba mtu kushindwa kuhama si dalili kwamba hakuitwa. Lakini mfumo wao ulitatua umbali, haukutatua saa. Mwenye shamba hurudi jioni, akaoga, akakaa na kitabu. Mwenye jiko, jioni ndipo anapoanza. Hilo bado linatusubiri sisi tulitatue, na leo nimelitatua kwa kuandika majibu yangu pembeni, katikati ya herufi za mtoto, kwa penseli.

Jumatano

Maji ya bomba mtaani kwetu huja usiku wa manane, tena bila taarifa. Yamekuja saa nane na nusu. Nimeamka, nikapanga ndoo na mapipa, nikaweka kitabu kwenye stuli, kwa kuwa ndoo moja ikijaa polepole inatosha aya moja na swali lake. Paka akapita juu ya stuli. Kitabu kikaanguka ndani ya pipa.

Asubuhi nilianika kurasa kwenye kamba ya nguo kwa vibanio. Mama mkwe akatoka, akaziangalia, akauliza ni za nini. Nikamwambia ni Matengenezo ya Kanisa. Akaenda ndani akaniletea vibanio vyake.

Somo lililolowa lilikuwa la Katharina von Bora. Aliolewa na Luther mwaka 1525, akaendesha jengo la zamani la watawa kule Wittenberg: wapangaji, wanafunzi, wagonjwa, ng'ombe, nguruwe, bustani, na bia ya nyumba nzima aliyoipika mwenyewe. Aliamka saa kumi alfajiri, mumewe akamwita nyota ya asubuhi ya Wittenberg. Wanafunzi waliokula chakula chake waliandika maneno ya Luther mezani, na mwaka 1566, wote wawili wakiwa wameshafariki, yakachapishwa na kuitwa Mazungumzo ya Mezani. Kitabu chetu kinamtaja Katharina kwa nusu ukurasa, kama mke mwema aliyempa mumewe nafasi ya kufikiri. Mimi naamini aliyelisha theolojia hiyo aliifikiri pia. Alikuwa amekaa pale pale. Wanafunzi walikuwa na kalamu na wakachagua sauti ya kuandika.

Nimeandika hayo kwenye nafasi ya swali la tatu, ingawa swali lenyewe liliuliza tu mwaka wa ndoa.

Alhamisi

Nimekuwa nikisoma masomo kwa sauti na kuyarekodi kwenye simu, kisha ninayasikiliza nikikanyaga cherehani. Njia hii imenifaa kuliko zote. Miguu na mikono ina kazi yake, masikio hayana.

Rekodi ya somo la Baraza la Kalkedoni ilifanyika dukani mchana, kwa hiyo mara tu ninapofika mwaka 451, kwenye asili mbili za Kristo zisizochanganyika wala kutengana, anasikika mteja akiuliza kama zipu ya inchi nane inapatikana. Namjibu kuwa ipo. Anauliza bei. Tunakubaliana. Halafu somo linaendelea.

Leo nimeisikiliza mara ya mwisho. Mwanangu mkubwa alihitaji nafasi kwenye simu kwa video za mpira, akafuta rekodi zote akidhani ni za zamani. Amesikitika kweli, na jioni amejitolea kunisomea somo upya yeye mwenyewe ili nirekodi. Anasoma haraka, na akifika kwenye Kalkedoni anasimama kila mara kuuliza: mama, sasa alisikia njaa kama Mungu au kama mtu? Tumebaki kwenye ukurasa mmoja mpaka maharage yakakauka. Hii rekodi nimeihifadhi kwenye simu ya mama mkwe, isiyo na video za mpira.

Ijumaa

Nimempima msichana wa kipaimara, miaka kumi na minne hivi, mrefu, mwenye aibu. Mama yake amekaa kwenye benchi na haraka zake. Nilikuwa nimefika kwenye urefu wa mkono, binti akaniuliza taratibu kwa nini tunakiri kwamba Yesu alishuka kwa wafu. Mwalimu wake wa kipaimara alimwambia akariri kwanza, ataelewa baadaye. Bibi yake alifariki mwezi wa tisa bila kubatizwa.

Tepu ya kupimia ilikuwa begani mwake, nikaiacha pale. Nilimwambia kuna mahali katika waraka wa kwanza wa Petro, sura ya tatu, panaposema Kristo aliwahubiria roho waliokuwa kifungoni, na kwamba Wakristo wamebishana kuhusu maana yake tangu zamani. Nikamwambia jambo moja wengi wamelishikilia: hakuna mahali ambapo Kristo hajafika kabla yetu, hata huko alikokwenda bibi. Zaidi ya hapo sikudai. Mama yake akasema gari linaondoka. Kipimo cha kiuno hatukukipata, itabidi warudi Jumatatu.

Nimekaa na hilo mchana wote. Luther aliandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529 baada ya kukagua sharika na kukuta watu hawajui hata mambo ya msingi, na aliikusudia wakuu wa nyumba waifundishe nyumbani. Ilikusudiwa maswali ya nyumbani tangu siku ya kwanza. Wanaopokea maswali hayo nyumbani kwetu ni kina mama, wapishi, mafundi, madada wa kazi, na mara nyingi tunaulizwa tukiwa na kitu mkononi. Ndiyo sababu yangu ya kusoma. Nikiulizwa na mtoto aliyefiwa, nataka kumpa kitu cha kweli, nisimfukuze kwa kumwambia usimhoji Mungu.

Jumamosi

Darasa letu ni Jumamosi saa nne asubuhi. Soko la Tengeru nalo ni Jumamosi. Waliopanga hawakuwa na nia mbaya. Walitazama saa ambazo jengo li wazi. Daladala imekwama kwenye matope ya vuli na barabara imejaa mikungu ya ndizi, nikashuka na kutembea, nikafika somo likiwa limekwisha nusu. Mwenzetu mwenye genge la nyanya hakufika kabisa. Mwenzetu muuguzi alitoka zamu ya usiku na kulala mezani, kichwa juu ya Waraka kwa Wagalatia, na mwalimu akatuomba tusimwamshe. Mwenye mtoto mchanga alikaa mlangoni ili mtoto akilia atoke, na alitoka mara nyingi kuliko alivyokaa.

Mwalimu wetu ni mchungaji mwanamke. Leo alitufundisha kuhusu Argula von Grumbach, na hapo ndipo darasa lilipobadilika.

Argula alizaliwa Bavaria mwaka 1492. Baba yake alimpa Biblia ya Kijerumani akiwa na miaka kumi. Mwaka 1523 kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Ingolstadt, Arsacius Seehofer, alilazimishwa kuyakana mafundisho ya Luther hadharani. Hakuna mwanamume aliyemtetea. Argula, mama wa watoto wanne, akaandika barua kwa chuo tarehe 20 Septemba, akawadai maprofesa wamwonyeshe kwa Maandiko kosa la kijana huyo liko wapi, na akajitolea kuja kujadiliana nao mbele ya watu, kwa Kijerumani, maana Kilatini hakukijua. Barua ikachapishwa tena na tena ndani ya muda mfupi. Chuo hakikumjibu kamwe. Mumewe akapoteza kazi yake ya utawala kwa ajili ya barua ile.

Tulikaa kimya kidogo. Halafu mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu, mkubwa wetu kwa umri, akasema: na sisi tuandike. Hatukuwa na ugomvi na mtu. Tuliandika barua ya heshima kwa uongozi wa chuo, tukaeleza saa zetu moja moja: nani yuko sokoni lini, nani yuko zamu, nani ananyonyesha, nani anamhudumia mkwe mgonjwa. Tuliomba somo lilelile lifundishwe mara mbili kwa wiki, mtu achague siku. Tuliomba ada ilipwe kidogo kidogo kama tunavyoweka fedha kwenye vikoba, na aliyejifungua wakati wa mtihani aufanye akishapona. Muuguzi aliamka akasaini.

Karatasi safi iliyokuwapo ilikuwa moja tu, na mtoto mchanga alicheulia kwenye kona ya chini. Tuliikausha na kuipeleka hivyo hivyo.

Jumapili

Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema ambaye hutusaidia sana, ameniona na vitabu na kunikumbusha Martha na Mariamu wa Luka 10. Alisema kwa upendo kwamba nisihangaike na mengi, nichague fungu la Mariamu. Nilimshukuru. Maneno hayo nimeambiwa na watu wengi wanaonitakia mema, na hakuna aliyewahi kusema nani atapika siku hiyo. Insha yetu ya muhula inahusu Martha, na nimeanza kuiandika kichwani pale pale kwenye ngazi za kanisa.

Mchana nilimhoji mama mkwe kwa ajili ya somo la historia ya kanisa letu. Kila kitabu cha huku Meru huanza na wamisionari wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliouawa Akeri mwezi Oktoba 1896. Mama anaijua habari hiyo kama watu wote wa hapa. Lakini aliponianzia, alianza na mchanga. Kanisa la kwao lilipojengwa, wanawake walibeba mchanga na maji kutoka mtoni kabla ya kwenda shambani, na wakati wa kupumzika mmoja aliyejua kusoma aliwasomea wenzake Injili hadi wengine nao wakajua. Mama yake alikuwa kati ya hao. Hakuna aliyeandika majina. Nimeandika niliyopewa, yote aliyoyakumbuka, kwa Kiswahili na pale aliposisitiza kwa Kimeru. Kalamu iliisha wino kabla mama hajamaliza majina, nikamalizia kwa chaki ya fundi kwenye kitambaa cheusi, nikakikunja kwa uangalifu.

Mercy Amba Oduyoye wa Ghana alipowakusanya wanatheolojia wanawake wa Afrika kule Legon mwaka 1989, akiwemo Musimbi Kanyoro wa Kenya, hamu yao kubwa ilikuwa hii: wanawake wa Afrika waandike, kwa sababu yaliyoandikwa juu yao yaliandikwa na wengine. Kitambaa changu kimo katika kazi hiyo. Nasema hivyo bila kusita.

Jumatatu

Umeme umekatika saa mbili usiku. Nikaandika kwa mwanga wa simu hadi simu ikazima. Binti wa kipaimara hakuja kwa kipimo cha kiuno, alimtuma kaka yake na kipande cha kamba chenye fundo. Nimekata gauni kwa kamba hiyo.

Jumatano

Jirani amefiwa na mumewe. Duka nimelifunga, nikaenda na sufuria yangu.

Siku nzima tulikuwa nyuma ya nyumba, chini ya turubai, tukimenya ndizi. Rasimu ya insha yangu ilikuwa imekunjwa kwenye mfuko wa aproni. Nilipovua aproni ili kubeba maji, niliitundika kwenye rundo la kuni, na mama mmoja aliyekuwa akiwasha moto akachukua karatasi alizoziona. Moto ulishika mara moja. Aliniomba radhi sana nilipomwambia. Nilimwambia maneno bado ninayo.

Mbele, mwinjilisti akaanza kusoma Yohana 11. Kipaza sauti kilikuwa kinamfikia kila mtu mpaka jikoni. Alipofika Martha anapomwambia Yesu kwamba anajua ndugu yake atafufuka siku ya mwisho, jenereta ikazima. Tuliwaona watu wa mbele wakiendelea kusikiliza, sisi hatukusikia tena neno. Mama aliyekuwa karibu yangu akauliza: halafu ikawaje? Wote wakanitazama, kwa kuwa wanajua ninasoma.

Basi nikawasimulia, kisu mkononi. Nikawaambia watazame kwanza nani yuko wapi. Mariamu amekaa ndani, kama mfiwa anavyotakiwa kukaa, akipokea waombolezaji. Martha ametoka. Nyumba imejaa watu kutoka Yerusalemu, kaburi lina siku nne, na yeye ameacha yote akatembea mpaka barabarani, nje ya kijiji, kumkabili Yesu. Mama mmoja akasema huku kwetu angesemwa. Mwingine akasema labda hata kule alisemwa. Nikaendelea: anaanza kwa kumlaumu, kwamba angalikuwepo ndugu yake asingalikufa. Kisha anatoa jibu la kipaimara, ufufuo wa siku ya mwisho, jibu sahihi kabisa. Yesu hamsahihishi wala hamsifu. Anamvuta kutoka siku ya mwisho mpaka kwake yeye aliyesimama pale. Naye Martha anakiri kwamba huyu ndiye Kristo, Mwana wa Mungu.

Ungamo hilo, niliwaambia, katika Mathayo 16 linatoka kinywani mwa Petro, na Petro akaahidiwa funguo. Katika Yohana linatoka kwa Martha, mwanamke yuleyule wa sufuria, katikati ya msiba wake, amesimama njiani. Halafu katika sura ya 12 kuna karamu, na Martha anahudumu tena, na safari hii hakuna anayemwambia kitu.

Hakuna aliyejibu upesi. Mke wa marehemu alikuwa ameletwa nyuma kunywa uji, sikuwa nimemwona. Aliuliza swali moja: na yeye Martha, alipomwambia maneno ya lawama, Yesu alikasirika? Nikamwambia hapana, mama. Soma yote, hakukasirika. Akielekea kaburini alilia.

Akanywa uji wake. Wanawake wawili walikaa naye na sisi tukarudi kwenye ndizi, zilikuwa bado nyingi.

Ijumaa

Nimeandika insha upya, kwa mkono mmoja nikipiga pasi kwa mwingine, kwa sababu magauni yanatoka kesho. Cheche ya mkaa imeruka kutoka kwenye pasi na kutoboa ukurasa wa pili kwenye neno Bethania. Sikuandika upya, neno linaeleweka kutokana na yaliyobaki.

Insha hii si ile iliyoungua jikoni. Ile ya kwanza ilikuwa inamtetea Martha wa Luka, na utetezi wake ulikuwa wa mtu aliyeonewa. Hii haimtetei. Inasema kwamba tunayo habari ya pili juu yake, na ni vigumu kuelewa kwa nini wanawake tunahubiriwa ya kwanza kila mwaka na ya pili tunaisikia misibani tu. Nimeandika pia swali la mjane, kwa ruhusa yake.

Jumamosi

Magauni yametoka yote. Lile la kamba yenye fundo limemkaa binti vizuri kiunoni na limepungua urefu wa upindo mmoja. Nimelishusha akiwa amelivaa, mama yake akiwa mlangoni na haraka zake.

Barua imejibiwa. Somo litafundishwa Jumanne saa kumi na moja jioni na Jumamosi kama kawaida, kila mtu achague, na anayekosa moja aje nyingine bila kuandika maelezo. Ada italipwa kwa awamu. Suala la mtihani wa waliojifungua litapelekwa kwenye kikao. Mwalimu mstaafu alisoma jibu mara mbili, akavua miwani. Yeye aliomba kusomea uchungaji akiwa kijana, kabla ya mwaka 1990 ambapo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) liliamua kuwabariki wanawake kuwa wachungaji, na jibu alilopata wakati ule lilikuwa asubiri. Akafundisha shule ya msingi mpaka kustaafu. Makumira, ambako mafunzo ya wachungaji yalihamia kutoka Lwandai mwaka 1954, iko dakika chache kwa gari kutoka kwake. Anasema alipita mbele ya lango lile kwa miaka yake yote ya kazi. Hakulalamika alipoyasema hayo, ila aliomba suala la mtihani wa waliojifungua lisiachwe hadi wahusika wazeeke. Tumemteua alifuatilie.

Jumanne

Darasa la kwanza la jioni. Mwenye genge la nyanya amekuja, na mtoto mchanga alilala mgongoni kwa muuguzi, ambaye leo hakuwa na zamu. Taa moja ya chumba haiwaki, tumesogeza viti chini ya ile nyingine.

Nimesoma insha. Mwalimu mstaafu amenipinga kwa nguvu. Anasema nisimwondolee Luka makali yake: Mariamu alikaa miguuni pa mwalimu mahali pa mwanafunzi, na Yesu alisema hapo hatanyang'anywa. Kwake yeye hilo ndilo fungu lenyewe, haki ya kukaa darasani, na anayelipunguza ili kumpandisha Martha anawanyang'anya wasichana kiti. Nilimwambia namkubali kuhusu kiti. Nilichokataa ni kwamba mtu lazima awe na mikono mitupu ndipo aitwe mwanafunzi. Akasema basi tuseme Yesu alimkemea Martha kwa mahangaiko yake na si kwa kazi yake. Muuguzi akasema mahangaiko na kazi katika nyumba yake ni kitu kimoja, atusaidie kuvitenganisha. Tulibishana mpaka kwaya wakaja kudai chumba, wakasimama mlangoni na vinanda vyao, na mmoja wao, soprano, akaingilia mjadala akiwa bado amesimama.

Tumepewa Warumi 16 kwa wiki ijayo. Fibi wa Kenkrea, bandari ya Korintho, anatambulishwa kwa Warumi mwanzoni mwa sura, na wasomi wengi wanaamini yeye ndiye aliyebeba waraka. Mwalimu ametaka tujiulize: waraka ulipofika Roma na watu wakakwama kwenye sura ya tisa, walimwuliza nani? Nimeanza kurekodi sura hiyo leo kwa simu ya mama mkwe. Soprano ameomba fomu ya kujiunga, na ameomba pia sketi za kwaya zipatikane kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio.